Kiti Kilicho Karibu na Ngazi

Nyumba hujengwa kwa mawe na chokaa, lakini wakaao ndani yake huishi katika sauti. Mtu aliyelelewa katika nyumba moja tangu utoto aweza kufumba macho, akatambua kwa kusikia tu nani anapanda ngazi, nani anafungua mlango wa ua, na nani amekasirika jikoni. Nalilijua jambo hili tangu nikiwa mdogo. Walakini nilipokuwa mtu mzima, mwenye kazi na mshahara, nalilisahau. Na siku niliyokumbushwa nalikumbushwa kwa aibu. Kisa chenyewe ni kidogo, nacho chahusu spika, waya na kiti kimoja kikuukuu. Nakisimulia kwa kuwa mambo makubwa ya nyumbani aghalabu hujificha katika mambo madogo.

Nyumba ya wazee wangu iko katika Mji wa Kale wa Mombasa. Ni nyumba ya zamani, ambayo kuta zake za mawe ya matumbawe ni nene hata mtoto aweza kuketi dirishani akanyosha miguu. Dari yake imelazwa juu ya boriti za mikoko. Msomaji ambaye hajaingia katika nyumba za namna hii yafaa ajue kwamba boriti ndizo zilizoamua umbo la vyumba vyetu. Mkoko ni mti mgumu, lakini hautoi boriti ndefu iwezayo kubeba dari nzito juu ya nafasi pana. Kwa hiyo mafundi wa kale walijenga vyumba virefu kadiri walivyopenda, lakini vyembamba, ambavyo upana wake kwa kawaida hauzidi mita 3.

Sebule yetu ni ya ukoo huo. Urefu wake ni mita 7.2 na upana wake mita 2.7. Ukisimama ndani ukielekea kaskazini, mkono wako wa kulia upo mlango wa ua, na mkono wako wa kushoto yapo madirisha mawili yatazamayo njiani. Upande wa kusini, ngazi ya kupandia orofani imekula pembe moja ya chumba, ikaacha nafasi ya upana wa mita 1.5 tu. Chumba chote ni mfano wa chupa iliyolazwa, ambayo shingo yake imeegemea upande mmoja. Na katika shingo ya chupa hiyo, karibu na ngazi, ndipo kilipokuwa kiti cha Baba.

Baba alikuwa fundi seremala kwa zaidi ya miaka 40. Katika karakana aliyofanyia kazi, msumeno wa mashine ulikuwa upande wake wa kushoto, nao ulilia mchana kutwa. Sikio lake la kushoto likawa zito kabla hajaacha kazi, na uzee ulipofika haukuliacha salama hata lile la kulia. Sisi watoto wake tulijua hayo yote. Lakini kuna kujua kwa kichwa na kujua kwa moyo, na baina ya hizo mbili pana safari ndefu.

Mwishoni mwa Novemba ya mwaka 2022 nalikwenda likizo nyumbani kutoka Nairobi, nimebeba zawadi katika sanduku kubwa. Wakati huo Kombe la Dunia lilikuwa likichezwa Qatar, na mechi zilikuwa gumzo la kila baraza. Ndani ya sanduku mlikuwa na amplifaya, spika tano, na sabufa, yaani spika kubwa ya sauti nzito. Nalikusudia kwamba watu wa nyumba yetu wasiutazame mpira tu kwenye televisheni, bali wausikie kana kwamba wameketi uwanjani, kelele za mashabiki zikiwazunguka mbele na nyuma. Wajomba hujulikana kwa zawadi zao, na watoto wa dada yangu walinipokea kwa shangwe kuliko nilivyostahili.

Kabla ya kuendelea yafaa nieleze kidogo elimu ya jambo lenyewe. Mwenyezi Mungu ametupa masikio mawili, na baina yake pana kichwa. Sauti itokayo upande wa kulia hulifikia sikio la kulia kwanza, kisha la kushoto. Tofauti ya muda huo haizidi kwa kawaida sehemu 7 za elfu kumi za sekunde, lakini ubongo huiona na kwayo hutambua upande sauti ilikotoka. Katika mwaka 1931 mhandisi mmoja wa Uingereza, jina lake Alan Blumlein, aliomba hataza ya uvumbuzi wa kunasa na kutoa sauti kwa njia mbili, ili msikilizaji aisikie sauti ya mwigizaji ikitoka mahali aliposimama kwenye picha. Mwaka 1940 filamu ya Fantasia ya Walt Disney ilionyeshwa katika kumbi chache za Marekani zilizotiwa spika mbele na pande nyingine za ukumbi. Jambo lililohitaji ukumbi mzima na mitambo mizito siku zile, leo laweza kubebwa katika basi na mtu mmoja.

Lakini kubeba si kupanga. Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano umetoa mwongozo wa kupanga spika tano. Chora duara, na katikati ya duara mweke msikilizaji. Spika ya kati iwe mbele yake sawasawa. Spika mbili za mbele ziwe kushoto na kulia, kila moja kwa pembe ya digrii 30 kutoka ile ya kati. Spika mbili za nyuma ziwe kando yake na nyuma kidogo, kwa pembe baina ya digrii 100 na 120. Zote tano ziwe mbali naye kwa kadiri moja. Ni mwongozo mzuri, nao ni wa kweli. Walakini umeandikwa kwa ajili ya chumba kisicho na ngazi, wala mlango mahali pabaya, wala baba.

Nalichukua futikamba, penseli na kipimapembe cha mpwa wangu aliye kidato cha pili, tukaanza hesabu. Televisheni ilikuwa kwenye ukuta wa kaskazini. Tuliweka spika mbili za mbele zikiwa mita 2 baina yao, na kwa kuwa pembetatu ya digrii 60 kila pembe ina pande zilizo sawa, kiti changu kilipaswa kuwa mita 2 kutoka kila moja. Hapo tulifaulu. Tulipofika kwenye spika za nyuma, chumba kilitukatalia. Ili kila moja iwe mita 2 kutoka kwangu kwa pembe ya digrii 110, ilihitaji kukaa mita 1.88 upande wa kushoto na upande wa kulia, na nusu ya upana wa chumba chetu ni mita 1.35. Spika moja ingekaa njiani pamoja na wapita njia, na ya pili uani pamoja na kuku.

Mpwa wangu alicheka, akasema, "Mjomba, hesabu imetoka nje ya nyumba."

Nalimjibu kwamba mashine ina dawa ya ugonjwa huo. Sauti husafiri kiasi cha mita 343 kwa sekunde katika hewa yenye joto la nyuzi 20, yaani mita moja kwa karibu sehemu 3 za elfu za sekunde. Spika ikiwa karibu mno, amplifaya huambiwa umbali wake, nayo huichelewesha sauti yake kidogo, hata sauti zote zikamfikia msikilizaji kwa pamoja. Basi tukazileta spika za nyuma hadi ukutani, kiasi cha mita 1.44 kutoka kichwani pangu. Ya kushoto ilipata ukuta mtupu. Ya kulia iliangukia katikati ya mlango wa ua.

Nalijaribu kutoboa ukuta juu ya mlango kwa keekee, na chokaa ya miaka mingi ikamwagika kama unga bila ya kushika hata msumari mmoja. Kwa haraka yangu, nikaisimamisha spika hiyo juu ya stuli kwenye kizingiti, waya wake umelala chini. Jioni ile ile dada yangu aliingia na sinia ya kahawa na kashata, akajikwaa. Kahawa ilimwagika zuliani, vikombe viwili vikavunjika, na mkono wake ukaungua kidogo. Hakunigombeza. Alisema tu, "Pole pole, kaka yangu. Mlango huu ulikuwa hapa kabla yako." Siku ya pili nalizifunga zile spika mbili kwenye boriti za dari kwa kamba imara, zikaning'inia zikielekea kiti changu, na waya nikazipitisha juu. Spika ya kati naliitia ndani ya kabati chini ya televisheni. Sabufa naliisukuma pembeni kabisa, kaskazini, isimzuie mtu.

Usiku huo tulitazama mechi, nami nalikiri kwamba nalijivuna. Kelele za uwanja zilinizunguka kama maji yanavyomzunguka mwogeleaji. Watoto, walioketi mkekani mbele yangu, walikuwa wakigeuka nyuma kumtafuta shabiki aliyepuliza firimbi. Naliona kwamba sauti nzito ni hafifu kidogo, nikaongeza sabufa. Baada ya dakika chache nikaongeza tena.

Nilipogeuka kumtazama Baba nipate kuona furaha yake, kiti kilikuwa kitupu. Alikuwa ametoka kwenda kuketi barazani.

Siku ya pili ikawa vivyo hivyo, na ya tatu. Baba alikuwa akiketi dakika kumi kwa adabu, kama mtu akaavyo katika arusi asiyomjua bwana wala bibi arusi, kisha huinuka polepole na kutoka. Alipoulizwa alisema hewa ya nje ni nzuri. Wiki nzima ikapita. Na kwa kuwa kijana akiumia hutafuta kosa kwa mwingine, nalianza kuwaza mawazo yasiyofaa. Nalisema moyoni kwamba wazee huchukia kila kilicho kipya. Kwamba tangu marehemu mama alipofariki, Baba hapendi furaha ya nyumba. Na kwamba zawadi yangu ya jasho la miezi sita haikupata hata neno la shukrani. Nalimwambia dada yangu maneno hayo, naye akanitazama kwa muda, akasema, "Umewahi kuketi pale aketipo?"

Sikuwa nimewahi. Kiti kile kilikuwa cha Baba, na katika nyumba yetu mtoto haketi katika kiti cha baba yake, hata akiwa na mvi. Lakini jioni moja, Baba akiwa msikitini na watoto wakitazama filamu, rimoti ilipotea. Nikainama kuitafuta chini ya kile kiti, na kwa uchovu nikaketi juu yake kidogo.

Msomaji, sikuamini kwamba nimo katika chumba kile kile. Sabufa, ambayo kitini pangu ilikuwa hafifu, hapa ilinguruma kama lori lililosimama mlangoni. Zile spika mbili zilizoning'inia darini zilikuwa karibu nami kuliko televisheni kwa mita 2 nzima, na muziki na kelele zilinifikia kwanza. Na maneno? Waigizaji walikuwa wakisema. Naliona midomo yao ikicheza. Maneno yao yalikuwa yakitoka katika spika iliyofungiwa kabatini, na mbele ya kabati walikuwa wameketi watoto wanne. Nami nina masikio mawili mazima. Nalilifunika sikio langu la kushoto kwa kiganja, nikalisikiliza neno moja nisilipate. Nikaondoa kiganja, nikakaa kimya.

Usiku ule nalirudia hesabu, safari hii kwa unyenyekevu. Sauti nzito ina mawimbi marefu, na mawimbi hayo hurudi yakigonga kuta mbili zinazoelekeana. Katika chumba cha urefu wa mita 7.2, sauti ya mitetemo ipatayo 48 kwa sekunde ina wimbi lenye urefu sawa na chumba chenyewe. Sauti ya namna hiyo hujikusanya penye kuta za mwisho na katikati ya chumba, na hufifia penye robo ya urefu kutoka kila mwisho. Kipande kilicholiwa na ngazi hubadili hesabu hiyo kidogo, lakini hakiifuti. Kiti changu kilikuwa mita 2.1 kutoka ukuta wa kaskazini, karibu kabisa na mahali pa kufifia. Kiti cha Baba kilikuwa ukutani kusini, mahali pa kujikusanya. Kwa maneno mengine, kila nilipoongeza kidogo kwa ajili yangu, nalimwongezea yeye maradufu. Na sauti nzito ikizidi hufunika zile nyembamba, ambazo ndizo zibebazo konsonanti kama s, f na t. Na konsonanti hizo ndizo uzee humnyang'anya mtu kwanza. Nalikuwa nimemzungushia mzee wangu ukuta wa kelele, kisha nikamlaumu kwa kutoka nje.

Naliwaza pia lile duara la mwongozo. Katikati ya duara pana mtu mmoja, wala mwongozo hausemi ni nani. Mimi sikujiuliza hata mara moja. Nalijiweka mimi.

Asubuhi nalimkuta Baba barazani na kikombe chake cha kahawa chungu. Nalimwamkia, nikaketi upande wake wa kulia.

"Baba," nalisema, "kelele za ile mashine zakuudhi?"

"Kelele haziniudhi, mwanangu. Nimeishi na msumeno maisha yangu yote. Kinachonichosha ni kwamba nasikia kila kitu isipokuwa maneno."

"Mbona hukuniambia?"

Alikunywa funda moja kabla ya kujibu. "Watoto walikuwa wakicheka. Na wewe ulikuwa umefurahi. Ningesema, mngeizima kwa ajili yangu. Mimi sitaki nyumba inyamaze kwa sababu yangu. Bora niketi nje, niwasikie mkicheka."

Sikuwa na la kusema. Nikamwomba msamaha, naye akapunga mkono kana kwamba anafukuza nzi. Nikamwambia kwamba njia nyepesi ni kukileta kiti chake mbele, mahali pangu. Hapo alitikisa kichwa. Kutoka pale karibu na ngazi, alisema, huona mlango wa ua, huona ngazi, na hujua nani ameingia na nani hajarudi. Ndipo alipokuwa akiketi miaka yote, mama yetu akishuka na kupanda mbele yake. "Kiti changu kisogee kidogo, sawa. Kihame, hapana." Kisha akaniuliza kwa sauti ya fundi, si ya mgonjwa, "Ile spika ya maneno umeiweka wapi?"

"Ndani ya kabati, Baba."

"Kabatini!" alisema. "Hata mimi nisiyesikia najua sauti haipiti katika mbao." Akainuka kwenda kutafuta futikamba yake.

Kazi tuliyoifanya siku ile nitaikumbuka muda mrefu. Kwanza tuliitafutia sabufa mahali, kwa hila ambayo mafundi wa sauti huijua. Kwa kuwa njia ya sauti ni ile ile kwenda na kurudi, huwekwa sabufa penye kiti cha msikilizaji, kisha mtu akatambaa sakafuni kando ya kuta, mpaka apate mahali ambapo sauti nzito haingurumi wala haipotei. Hapo ndipo sabufa ihamishiwe. Tuliisimamisha juu ya kiti cha Baba kwa heshima zote, na watoto wanne wakatambaa kama kaa pwani, vichwa chini, wakipigana vikumbo na kucheka. Wote walikubaliana juu ya mahali pamoja, chini ya dirisha la kwanza. Nalipapima: palikuwa mita 1.8 kutoka ukuta wa kaskazini, robo kamili ya urefu wa chumba. Mpwa wangu alinitazama kwa mshangao, nami nikamwonyesha karatasi ya hesabu. Sidhani kwamba atalisahau somo la mawimbi.

Pili, Baba alikubali kiti chake kitoke ukutani, kifike mdomoni mwa ile shingo ya chupa, mita 5.4 kutoka kaskazini. Aliketi akahakikisha kwamba bado anaona ngazi na mlango. Kisha akakigeuza kiti kidogo, sikio lake la kulia likaelekea televisheni.

Tatu, spika ya maneno. Baba alitoa vipande vya mvule vilivyosalia tangu siku za karakana, na randa ambayo hakuna aliyethubutu kuigusa. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka alipoanza, na ilipoishika randa haikutetemeka tena. Kufikia alasiri alikuwa amemaliza rafu yenye mguu mmoja, iliyoinama kidogo, ya kuiinua spika ya kati juu ya vichwa vya watoto na kuielekeza kwenye kiti chake. Sauti nyembamba husafiri moja kwa moja kama mwanga, na mwili wa mtu huizuia. Sasa haikuwa na kizuizi.

Nne, spika zilizoning'inia kwenye boriti tulizigeuza zielekee ukuta, sauti yake ipige chokaa kabla ya kusambaa, kisha nikazipunguza katika amplifaya. Nikapunguza sabufa. Nikaongeza spika ya kati peke yake. Dada yangu alileta zulia la pili na mapazia mazito, kwa kuwa kuta tupu na sakafu tupu hurudisha mwangwi unaovuruga maneno. Tulipomaliza, nalipima tena kwa kipimapembe, na kwa mujibu wa mwongozo karibu kila kitu kilikuwa kimekosewa.

Fainali ilichezwa tarehe 18 Desemba, saa 12 jioni kwa saa zetu, baina ya Argentina na Ufaransa. Baba aliketi tangu mwanzo. Adhana ya magharibi ilipoadhiniwa alikwenda kusali, na aliporudi Argentina walikuwa na mabao mawili. Watoto walitaka kumweleza, akawanyamazisha kwa kidole: alikuwa akimsikiliza mtangazaji. Zikapita dakika nyingi. Dada yangu alikwenda jikoni akiamini kwamba mchezo umekwisha. Ndipo Mbappé akafunga penalti katika dakika ya 80, na kabla hatujapumua akafunga tena katika dakika ya 81.

"Mbili kwa mbili!" sauti ilipaza nyuma yetu. "Njoo, binti yangu, ni mbili kwa mbili! Dakika moja tu imepita baina yake, mtangazaji amesema!"

Sote tuligeuka. Baba alikuwa amesimama, kofia imeenda upande, akimwita dada yangu kutoka jikoni. Katika miaka mingi hakuna aliyemsikia akitangulia kutoa habari ya jambo lililosemwa chumbani; kila mara sisi ndio tuliomrudia maneno, tukipaza sauti, mara nyingine kwa subira na mara nyingine bila ya subira. Mchezo uliendelea hata ukafika tatu kwa tatu, na Argentina wakashinda kwa penalti 4 kwa 2. Wasomaji wengi wanayajua hayo. Mimi, nikiulizwa juu ya fainali ile, hukumbuka kwanza bao la pili la Mbappé na ile sauti iliyotoka karibu na ngazi.

Sikilizeni, vijana. Siku moja mtakuwa na mishahara, nanyi mtapeleka zawadi nyumbani, na chombo kitakuwa kingine nisichoweza kukitabiri. Mtapima kuta kwa uangalifu na mtasoma miongozo, nayo miongozo ni ya kufuatwa. Lakini kabla ya kuamua katikati ya duara ni wapi, ketini kidogo katika kila kiti cha nyumba, hasa kile ambacho mwenyewe ameanza kukiacha kitupu.

Likizo hurudi, nami hurudi Mombasa. Spika ya maneno ingali juu ya rafu ya mvule. Kiti changu nacho kingali pale pale, mita 2.1 kutoka ukutani, na sauti nzito hapo ni hafifu kama zamani. Sijaiongeza.